Uponyaji wa Moyo Uliovunjika: Mafundisho ya Kanisa na Njia ya Mwamini



Mkoa wa Dar es Salaam ulihesabiwa kuwa na wakazi 5,383,728 katika sensa ya mwaka 2022. Sehemu kubwa ya watu hao wanaishi pembezoni mwa jiji: Mbagala, Chamazi na Yombo kwa upande wa Temeke, Tegeta, Boko na Bunju kwa upande wa Kinondoni. Wengi wamefika kutoka mikoani kutafuta maisha, wakawaacha nyuma wazazi, ukoo na makaburi ya wapendwa wao. Siku za juma hugombea daladala alfajiri na kurudi usiku. Siku ya Dominika hujaza makanisa yetu wakiwa wamevaa vizuri, wakaimba, wakatoa sadaka, wakasalimiana kwa tabasamu. Lakini padre anayekaa kwenye kiti cha maungamo, na mama kiongozi wa jumuiya anayebisha hodi mlango hadi mlango, wanafahamu kwamba chini ya vazi la Dominika mara nyingi kuna jeraha ambalo halijawahi kuonyeshwa kwa mtu yeyote.

Makala hii inaeleza kile ambacho Kanisa linafundisha kuhusu uponyaji wa jeraha hilo, jinsi neema hiyo ilivyoonekana katika historia ya nchi yetu, na mahali ambapo mwamini anayetafuta msaada anaweza kuanzia.

Maana ya kuvunjika moyo

Kiswahili husema kwamba chungu kimevunjika, husema kwamba mfupa umevunjika, na husema pia kwamba mtu amevunjika moyo. Hatima ya vitu hivyo si moja. Chungu kikivunjika, vigae vyake hutupwa jalalani. Mfupa ukivunjika, hushikwa, hufungwa na kusubiriwa, nao huunga kwa kuwa ndani yake kuna uhai. Mtu aliyeumizwa hujiuliza, hata kama hasemi, moyo wake ni kama kipi kati ya hivyo viwili. Shetani humnong'oneza kwamba yeye ni kigae. Imani ya Kanisa inamwambia kwamba yeye ni mfupa hai mikononi mwa Tabibu.

Ili dawa ifae, ni lazima jeraha litambuliwe. Kwa msaada wa uzoefu wa kichungaji tunaweza kuyagawa majeraha ya moyo katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni majeraha ya kutendewa. Hapa wamo aliyebakwa, aliyepigwa na mwenzi wake wa ndoa, mtoto aliyelelewa kwa matusi, binti wa kazi aliyedhulumiwa na kunyanyaswa katika nyumba aliyokuwa akiitumikia.

Kundi la pili ni majeraha ya kutenda. Mtu ametoa mimba, ameitelekeza familia, amemsaliti mwenzi wake au ameiba mali ya umma, na dhamiri yake haimpi usingizi.

Kundi la tatu ni majeraha ya kupoteza: kufiwa na mtoto, kuachwa, kuachishwa kazi, kupewa majibu ya ugonjwa usiotarajiwa, kuona biashara iliyojengwa kwa miaka mingi ikiporomoka.

Mara nyingi majeraha haya hufungamana. Kijana aliyepigwa utotoni huangukia dawa za kulevya, na kwa sababu ya dawa hizo huwaibia ndugu zake. Ndani ya mtu huyo mmoja kuna jeraha alilotendewa na jeraha alilotenda. Hata hivyo ni muhimu kuyatofautisha, kwa sababu kosa kubwa katika huduma ya uponyaji ni kumtaka atubu yule aliyeonewa, au kumfariji tu yule anayehitaji kutubu.

Maandiko Matakatifu yanasema nini

Zaburi ya 34 na ya 147 zinamkiri Mungu aliye karibu na wenye moyo uliopondeka, Mungu anayefunga majeraha yao. Nabii Isaya, katika sura ya 61, anamtangaza mtumishi wa Bwana ambaye kazi yake ya kwanza ni kuwapelekea maskini habari njema na kuwaganga waliovunjika moyo. Bwana Yesu, alipoingia katika sinagogi la Nazareti, alilisoma andiko hilo na kutamka kwamba limetimia siku hiyo (Lk 4:16-21). Kwa hiyo uponyaji wa waliovunjika si kazi ya pembeni katika utume wa Kristo. Umo katika tamko lake la kwanza mbele ya watu wa kijiji chake.

Matukio matatu ya Injili yanatusaidia kuona namna anavyoponya.

La kwanza ni la mwanamke aliyetokwa na damu kwa muda wa miaka 12 (Mk 5:25-34). Alikuwa amemaliza mali yake yote kwa waganga, na kwa desturi ya Kiyahudi alihesabiwa kuwa najisi. Alipoligusa vazi la Yesu, mwili wake ulipona mara moja. Hata hivyo Yesu hakumwacha aondoke kimyakimya. Alisimama, akamtafuta, akamsikiliza aeleze kweli yote, kisha akamwita binti. Mwili ulipona kwa kugusa. Moyo ulipona kwa kusikilizwa na kupewa tena jina la mtu wa nyumbani.

La pili ni la Mtakatifu Petro. Mwinjili Yohane anataja moto wa makaa mara mbili tu. Mara ya kwanza Petro anaota moto huo uani kwa kuhani mkuu, na hapo anamkana Bwana wake (Yoh 18:18). Mara ya pili ni Yesu Mfufuka aliyewasha moto wa makaa ufukoni, akaandaa samaki na mkate (Yoh 21:9). Mbele ya moto huo alimwuliza Petro mara tatu kuhusu upendo. Bwana alimrudisha mtume wake mahali palepale alipoumia, kwa upole, baada ya kumlisha kwanza. Kisha akamkabidhi kondoo wake.

La tatu ni la mtume Tomaso (Yoh 20:24-29). Mwili wa Bwana uliotukuka, usiokufa tena, ulibaki na alama za misumari na za mkuki. Kupona kwa Kikristo, basi, hakumaanishi kufuta historia. Kovu laweza kubaki, ila halitoi tena usaha, na laweza kuwa mahali ambapo mwingine anaipata imani.

Ushuhuda kutoka Bagamoyo na Pugu

Mafundisho haya yana mizizi katika ardhi yetu. Mwaka 1868 wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padre Antoine Horner, walianzisha misioni ya Bagamoyo, mji ambao ulikuwa mwisho wa njia ya misafara ya watumwa na pembe za ndovu kutoka bara. Wasimulizi wengi huliunganisha jina la mji huo na maneno ya kubwaga moyo. Wapo wanaosema ulikuwa moyo wa mpagazi aliyefika salama na kutua mzigo. Wapo wanaosema ulikuwa moyo wa mtumwa aliyeona bahari na kukata tamaa. Misioni iliwakomboa watumwa, wengi wao wakiwa watoto, na kuanzisha kijiji ambamo walisoma, walilima, walioa na kuolewa na kulea watoto wao.

Haipasi kuipamba historia hiyo kupita kiasi. Nidhamu ya misioni ilikuwa kali, na si wote waliokombolewa waliobaki, wapo waliotoroka. Minyororo iliweza kukatwa kwa siku moja, ilhali majeraha ya kutekwa, kuuzwa na kutenganishwa na mama yalihitaji miaka. Kijiji kile kinatufundisha kwamba ukombozi una hatua zake: kwanza kufunguliwa, kisha chakula na usalama, kisha kazi, kisha familia na jamii ya kuishi nayo. Sala ilikuwamo katika kila hatua, wala haikuchukua nafasi ya hatua hizo.

Karibu zaidi na sisi ni Pugu. Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia walifungua misioni huko mwaka 1888. Mwezi Januari 1889, wakati wa vita vya pwani dhidi ya Wajerumani, misioni ilivamiwa na kuchomwa moto. Watawa watatu waliuawa na wengine walitekwa. Kwa macho ya kibinadamu kazi hiyo ilikuwa imekwisha. Lakini utume uliendelea kutoka Dar es Salaam, na kati ya mwaka 1897 na 1902 likajengwa Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu linalotazama bandari hadi leo. Waamini wanaohiji Pugu wanakwenda kusali mahali ambapo Kanisa letu lenyewe liliwahi kuvunjwa na kuinuliwa tena.

Mtakatifu Josefina Bakhita, dada wa waliojeruhiwa

Kati ya watakatifu wa Afrika, hakuna anayelifundisha somo hili kwa uwazi kuliko Mtakatifu Josefina Bakhita. Alizaliwa Darfur, nchini Sudan, yapata mwaka 1869. Alitekwa angali mtoto, akauzwa mara kadhaa, akapigwa, na mwili wake ukachanjwa kwa kisu na kutiwa chumvi ili alama zibaki. Hofu ilikuwa kubwa kiasi kwamba alisahau jina alilopewa na wazazi wake. Bakhita, yaani mwenye bahati, ni jina alilopewa na watekaji.

Mwaka 1885 alipelekwa Italia, na huko Venezia akafundishwa imani na masista Wakanosa. Tarehe 29 Novemba 1889 mahakama ilitamka kwamba yeye ni mtu huru. Alibatizwa tarehe 9 Januari 1890, akaweka nadhiri mwaka 1896, na kwa miaka mingi alikuwa mpishi, mshonaji na bawabu wa konventi huko Schio, hadi alipofariki dunia tarehe 8 Februari 1947. Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000. Baba Mtakatifu Benedikto wa Kumi na Sita, katika Waraka wake juu ya matumaini, *Spe Salvi*, wa mwaka 2007, alimtaja mwanzoni kabisa kama kielelezo cha mtu aliyepata matumaini kwa kumfahamu Bwana ambaye ni tofauti na mabwana wote waliomiliki mwili wake.

Bakhita alifikia hatua ya kusema kwamba angekutana na waliomteka angewapigia magoti, kwa kuwa bila safari ile asingemfahamu Kristo. Maneno hayo yasitumiwe vibaya. Hakusema utumwa ulikuwa mwema, wala hakurudi kwa waliomtesa. Alipotakiwa kurudi Afrika na bibi aliyedai kummiliki, alikataa na kubaki chini ya ulinzi wa Kanisa na sheria. Msamaha wake ulizaliwa baada ya kuwa salama. Sikukuu yake, tarehe 8 Februari, sasa ni siku ya Kanisa zima ya kuombea waathirika wa biashara haramu ya binadamu.

Sakramenti, chemchemi za uponyaji

Katekisimu ya Kanisa Katoliki inafundisha kwamba Kristo, Tabibu wa roho na miili yetu, alitaka Kanisa lake liendeleze kazi yake ya kuponya kwa nguvu ya Roho Mtakatifu (KKK 1421). Sakramenti mbili zinaitwa kwa namna ya pekee sakramenti za uponyaji.

Sakramenti ya Kitubio ni dawa ya jeraha la kutenda. Hakuna dhambi ambayo mwenye kutubu kwa kweli hawezi kuondolewa. Padre humpokea mwenye kuungama kwa niaba ya Mchungaji Mwema anayemtafuta kondoo aliyepotea na Baba anayemngoja mwana mpotevu (KKK 1465). Siri ya maungamo haina mwanya; padre haruhusiwi kuivunja kwa sababu yoyote ile (KKK 1467). Mama aliyetoa mimba miaka ishirini iliyopita na kukaa mbali na Komunyo kwa hofu afahamu kwamba padre yeyote mwenye idhini ya kuungamisha anaweza kumwondolea dhambi hiyo. Baba Mtakatifu Fransisko aliithibitisha mamlaka hiyo kwa mapadre wote mwaka 2016, mwishoni mwa Jubilei ya Huruma ya Mungu.

Hapa panahitajika neno la wazi. Aliyetendewa uovu hana dhambi ya kuungama kwa tendo hilo. Binti aliyebakwa hajatenda dhambi. Mtoto aliyechezewa na mtu mzima hajatenda dhambi. Wengi hurudia kuungama kitu kimoja mwaka hata mwaka na hawapati amani, kwa sababu wanaomba ondoleo la kosa ambalo si lao. Anayebeba mzigo wa namna hiyo amwendee padre kwa mazungumzo ya kiroho, ili aambiwe kwa sauti ya Kanisa kwamba hana hatia.

Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa, yenye msingi katika barua ya Mtume Yakobo (Yak 5:14-15), si ya wale tu walio katika dakika za mwisho. Mwamini anayeanza kuwa katika hatari ya kifo kwa ugonjwa au uzee ameshafikia wakati wa kuipokea (KKK 1514). Ni masikitiko kwamba familia nyingi humwogopa padre mlangoni kana kwamba amekuja kuaga maiti, na hivyo humnyima mgonjwa faraja aliyostahili kuipata mapema.

Juu ya hizo zote ni Ekaristi Takatifu, ambamo mwili wa Kristo huvunjwa kwa ajili yetu. Wanafunzi wawili wa Emau walitembea njia ndefu wakiwa na matumaini yaliyokatika. Walisikilizwa kwanza, wakafafanuliwa Maandiko, na macho yao yakafumbuliwa katika kuumega mkate (Lk 24:13-35). Huo ndio muundo wa kila Misa.

Temeke na jeraha la UKIMWI

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Miaka iliyofuata ilileta misiba isiyohesabika, na pamoja na kifo ilileta aibu. Wagonjwa walitengewa vyombo, yatima waligawanywa kama mizigo, na wapo walioambiwa kwamba wanavuna walichopanda.

Katika mazingira hayo, mwaka 1992, watu wachache wanaoishi na virusi hivyo walianza kukutana ili kusaidiana na kutiana moyo. Kutokana na kundi hilo dogo ikakua PASADA, huduma ya kichungaji ya Jimbo Kuu la Dar es Salaam kwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI, iliyoweka makao wilayani Temeke na kutoa tiba, ushauri nasaha, huduma majumbani na malezi ya yatima bila kubagua dini. Ni vema kukumbuka mpangilio wa mambo: walioanza walikuwa wagonjwa wenyewe. Dawa za kufubaza virusi zilikuja kutolewa bure na Serikali kwa mpango wa kitaifa tangu mwaka 2004. Kabla ya hapo, walichokuwa nacho kilikuwa kukaa pamoja, kuitana kwa majina, kuzikana kwa heshima na kusali. Hata hilo lilikuwa uponyaji, ingawa virusi vilibaki mwilini.

Sala za uponyaji na matumizi ya dawa

Kanisa linasali kuomba uponyaji, na karama ya kuponya imetajwa na Mtume Paulo (1 Kor 12:9). Hata hivyo Katekisimu inakumbusha kwamba hata sala zenye bidii kubwa hazileti kila mara kupona kwa mwili; Paulo mwenyewe aliomba mara tatu kuondolewa mwiba wake, akajibiwa kwa kupewa neema ya kuubeba (KKK 1508; 2 Kor 12:7-10). Kwa hiyo asiyepona hajahukumiwa kuwa na imani haba. Tarehe 14 Septemba 2000 Baraza la Kipapa la Mafundisho Tanzu ya Kanisa lilitoa maelekezo juu ya sala za kuomba uponyaji: sala hizo zifuate uongozi wa askofu wa jimbo, na ziepushwe na mihemko ya kupangwa na maonyesho ya jukwaani.

Maelekezo haya yana uzito mkubwa katika vitongoji vyetu, ambako spika za mahema ya maombezi zinasikika kila mtaa. Baadhi ya waamini wetu huzunguka kutoka hema hadi hema, wakinunua mafuta na maji, wakitoa fedha ya ada ya shule ili wafunguliwe. Hasara kubwa kuliko zote ni ya yule anayeambiwa amepona, akaacha dawa za kufubaza virusi, za kisukari, za shinikizo la damu au za kifafa, na familia yake ikamzika baada ya miezi michache. Tuseme bila kuzunguka: hakuna kiongozi wa sala, awe mlei au padre, mwenye mamlaka ya kumwachisha mgonjwa dawa. Anayeamini amepona apimwe hospitalini, na daktari ndiye atakayesema. Yoshua bin Sira alikwisha kufundisha kwamba tabibu na dawa vimetoka kwa Mungu, na kwamba mgonjwa asali na pia ampe tabibu nafasi yake (YbS 38:1-15).

Hayo yanahusu vilevile magonjwa ya akili na uraibu. Huzuni isiyokoma, kukosa usingizi kwa majuma, kusikia sauti na kutamani kufa si lazima viwe mapepo wala laana ya ukoo. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ina wataalamu wa magonjwa ya akili, na safari ya kuwafikia yaweza kuanzia hospitali za rufaa za Amana, Mwananyamala na Temeke. Kwa waraibu wa heroini, Muhimbili ilianza kutoa tiba ya methadoni mwaka 2011, na huduma hiyo ikafikishwa baadaye Mwananyamala na Temeke. Mzazi anayempeleka mwanae kunywa dawa hiyo kila siku, kisha akapitia kanisani kuwasha mshumaa, hajagawanya imani yake.

Wapo pia waliompoteza ndugu kwa kujiua na kubeba swali zito juu ya wokovu wake. Kanisa linafundisha kwamba kujiua ni kinyume cha upendo. Linafundisha pia kwamba mateso makali ya akili na hofu kubwa hupunguza wajibu wa mtu, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wa marehemu huyo, bali tumwombee (KKK 2282-2283).

Msamaha, haki na usalama

Kusamehe ni agizo la Bwana, na bila msamaha moyo hauungi. Lakini kusamehe si kusema kwamba ubaya haukutendeka, wala si kumrudishia mkosaji nafasi ya kuumiza tena. Mwanamke anayepigwa hadi kuumizwa hapaswi kuambiwa kwamba huo ndio msalaba wake na kwamba ndoa ni uvumilivu. Sheria ya Kanisa yenyewe inamruhusu mwenzi aliye katika hatari kubwa ya roho au mwili kujitenga na anayemhatarisha (Kanuni 1153). Anaweza kusamehe akiwa mahali salama, kama Bakhita.

Kanisa linapata pia nguvu ya kuomba msamaha pale ambapo aliyeumiza alikuwa mtumishi wake. Uovu dhidi ya mtoto, uwe umetendwa na nani, haufichwi kwa ajili ya kulinda jina la familia wala la parokia. Vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na ipo namba ya simu 116 isiyotozwa malipo kwa ajili ya kutoa taarifa za mtoto aliye hatarini.

Jumuiya, mahali pa kufunga jeraha

Mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki, kupitia AMECEA, waliziweka jumuiya ndogondogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha kichungaji. Kwa mtu aliyetoka mkoani na asiye na shangazi wala mjomba wa kukimbilia mjini, jumuiya ndiyo ukoo wake wa pili. Inamfahamu anapokosekana, inamchangia anapofiwa, inamletea uji anapougua.

Lakini jumuiya inaweza pia kuumiza. Mtu hufungua moyo wake Jumamosi asubuhi, na kufikia jioni habari zake zimefika gengeni. Ndiyo maana kila jumuiya haina budi kutunza nidhamu mbili: kutotoa nje kilichosemwa kwa siri, na kutomlazimisha mtu kutoa ushuhuda hadharani kabla jeraha lake halijafunga. Wapo wajumbe wa WAWATA, UWAKA na VIWAWA wenye kipaji cha kusikiliza bila haraka ya kushauri. Maparoko wanafanya vema kuwatambua na kuwapatia mafunzo.

Mwamini aanzie wapi

Kwa yule anayesoma makala hii akiwa na jeraha lake mwenyewe, hatua zifuatazo zaweza kumsaidia.

Kwanza, alitaje jeraha lake mbele za Mungu kwa maneno yake mwenyewe, hata kama ni ya kulalamika. Zaburi nyingi ni malalamiko, na Kanisa husali nazo kila siku.

Pili, ajiulize jeraha lake ni la kutenda, la kutendewa au la kupoteza. Kama ni la kutenda, aende kwenye Kitubio bila kukawia. Kama ni la kutendewa, atafute kwanza usalama, kisha mtu mmoja mwaminifu wa kumweleza. Kama ni la kupoteza, ajipe ruhusa ya kuomboleza. Bwana mwenyewe alilia kaburini kwa rafiki yake Lazaro (Yoh 11:35).

Tatu, asiache dawa, na kama hajawahi kumwona mtaalamu, aende.

Nne, ashike ratiba ndogo ya sala anayoiweza: sura fupi ya Injili jioni, kumi moja la rozari ndani ya daladala, robo saa ya kuabudu Ekaristi siku ya Alhamisi. Aliyevunjika asijitwike novena kumi kwa mpigo, akashindwa, akaongeza hatia juu ya maumivu.

Tano, asubiri. Mfupa hauungi kwa kelele, wala kwa kufunguliwa kila siku ili kutazamwa kama umeshaunga.

Sita, siku atakapopata nguvu, atazame kando yake. Walioanzisha huduma ile ya Temeke walikuwa wagonjwa waliowaangalia wagonjwa wenzao. Petro alipewa kondoo na Bwana yuleyule aliyekuwa amemkana.

Mpendwa msomaji, huenda Dominika ijayo utakaa benchi moja na mtu ambaye amebeba kitu kizito kuliko unavyodhani, au huenda mtu huyo ni wewe. Wakati wa kutakiana amani, usiutoe mkono kwa haraka. Mtazame jirani yako usoni, na kama macho yake yanasema neno, mngojee nje ya kanisa baada ya Misa.